Usile Kitu Kabla Hujafika Kwangu

Admin, nifiche tafadhali. Majina yote nimebadilisha, na najua binti yangu husoma hapa kila siku. Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, mjane, mkulima wa majani chai pande za Roret. Kuna jambo nimelibeba tangu miaka ya tisini na sasa limenishinda.

Wakati huo tulikuwa na watoto watatu. Bwanangu alikuwa na kama miaka arobaini, mtu wa kitambi na kicheko, mtu wa vikombe vitatu vya chai yenye sukari nyingi. Halafu akabadilika. Kwanza alikataa sukari. "Niwekee tu hivyo hivyo, Mama Kiptoo." Nikauliza kama chai yangu imeharibika, akasema ni tumbo. Ugali akawa anakata kipande kama cha mtoto. Kisha akanunua raba nyeupe, mzee mzima, akawa anatembea mbio kila asubuhi mpaka barabara kubwa na kurudi. Wanawake wenzangu kwenye kituo cha kuuzia majani walicheka. Mmoja akaniambia, "Mwanaume akianza kupunguza tumbo, jua kuna mtu anamwonyesha."

Nikaanza kumchunguza. Kila baada ya wiki mbili, Jumatano, alivaa jaketi akaenda Bomet bila kuonja chochote, akarudi mchana amechangamka. Nilinusa mashati yake. Niliangalia mshipi wake, nikakuta ameutoboa tundu jipya, halafu lingine. Na kulikuwa na hofu nyingine sikuthubutu kuitaja. Miaka hiyo mtu akikonda, watu walinong'ona jina la ugonjwa mmoja tu. Nikahamia kulala na watoto, nikamwambia bwanangu kwamba yule mdogo ana kikohozi.

Siku moja nikifua hilo jaketi nikapata karatasi mfukoni, mwandiko safi wa mwanamke: "Jumatano usikose tena. Usile kitu asubuhi kabla hujafika kwangu. Joyce."

Nilikaa chini kwa nyasi. Kumbe ndiyo maana anakataa chai yangu! Kuna mtu Bomet anampikia.

Sikumuuliza. Nilienda moja kwa moja kwa kaka zake wawili na mzee mmoja wa kanisa. Jumapili baada ya ibada wakaja kwetu, kaka mkubwa akaweka ile karatasi mezani.

"Joyce ni nani?"

Bwanangu alinitazama, akawatazama wale wanaume, akafungua mdomo. Kisha akaufunga. "Ni mtu ananisaidia tu."

"Anakusaidia nini ambacho bibi yako hawezi?"

 Wakamwapisha kwamba hatakanyaga Bomet tena, na atakula chakula cha nyumba yake. Nikamletea chai mbele yao. Niliweka sukari mwenyewe, vijiko vinne, nikakoroga nikimwangalia machoni. Akanywa yote.

Miezi hiyo nilijiona nimeshinda. Raba zikakaa chini ya kitanda. Alianza kunywa maji mengi na kusinzia mchana, nami nikasema ni shibe.

Mwaka uliofuata, akipogoa chai, alichomwa mguu na kisiki. Kidonda kilikataa kupona, kikaanza kunuka. Tulipomfikisha hospitali ya Bomet, nesi mmoja wa makamo alisimama ghafla na trei mkononi.

"Mzee! Ulipotelea wapi? Nilikungoja Jumatano ngapi?" Akanigeukia. "Wewe ndiye mama? Alikuwa akituambia vile unamsaidia, unampikia chakula chake vizuri."

Jina lake lilikuwa limebandikwa kifuani. Joyce.

Ilikuwa ni ugonjwa wa sukari. Na zile asubuhi alienda na njaa ni kwa sababu ya kupimwa damu. Mguu walikata chini ya goti.

Wodini nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema pole pole, "Ungesikia nakonda na naenda hospitali, hata ningesema ni sukari, ungefikiria nini? Si ungechukua watoto uende kwenu?" Ilikuwa kweli.

Watoto aliwaambia alihudhuria kliniki wakati wote, akafuata kila kitu, basi tu ikawa bahati mbaya. Alinifunika. Aliishi miaka minane na magongo. Hakunilaumu hata siku moja, lakini kile kicheko hakikurudi. Alikuwa anakaa mlangoni akiangalia watu wakichuma chai yake.

Sasa Kiptoo, kifungua mimba wangu, ana miaka arobaini na mwaka huu amepatikana na sukari. Mkewe amemsihi aanze kliniki, amekataa. Aliniambia mwenyewe, "Mama, baba alifuata masharti yote na bado wakamkata mguu. Afadhali nile nifurahi siku zangu." Nami nikainama nikaendelea kumenya viazi.

Mke wake ameniuliza mara mbili, "Mama, ni ukweli baba alifuata kila kitu?" Mara ya pili alikuwa ananiangalia vile mimi nilikuwa naangalia lile jaketi. Sijui kama kuna mtu amemwambia. Yule mzee wa kanisa bado yuko hai, na siku hizi nikimwona anaongea na huyu mke wa Kiptoo, nageuza njia.

Nikisema, mwanangu atajua ni mimi niliyemtoa baba yake kwenye matibabu, mbele ya watu, kwa wivu wangu. Pengine hatakanyaga kwangu tena. Nikinyamaza, nitamzika nikiwa na jina zuri.

Anakuja nyumbani Jumamosi. Ninyi mnaosoma hapa, kama huyu angekuwa mama yenu, mngetaka awaambie? Na mkishasikia, mngeweza kumsamehe? Nisaidieni kabla siku hiyo ifike. Sijui hata neno la kwanza nilitoe wapi.