Mama wa Benchi la Nyuma na Kanda za Jiji la Mvua

Nipe Biblia nishike, au umwambie jirani yangu Athumani alete Msahafu, nitasema maneno haya haya bila kupunguza hata moja. Sikuwa nimelewa. Pombe sijawahi kuionja, ndiyo maana nina nyumba. Sikuwa nimelala pia, wala haukuwa usiku wa manane kama kwenye hadithi za watu wanaotaka kukutisha. Ilikuwa mchana, saa nane, hapa Voi, jua la kupinda mabati, na ukumbi wangu umejaa watu.

Kama hunijui, uliza mtu yeyote karibu na stesheni. Nilizaliwa kwenye kota za reli, mama yangu Mkamba, shule niliiacha kabla haijanifaa. Nilianza kwa kuuza maji, nikajifunza kukunja mabati, nikawa fundi wa mifereji ya paa. Miaka ile hapakuwa na nyumba ya maana Voi ambayo mfereji wake haukupita mikononi mwangu. Katikati ya miaka ya tisini nikafungua ukumbi wa video. Jenereta yangu, deki yangu, spika zangu. Madirisha niliyaziba kwa magunia ya mkonge, hata ukiingia kutoka juani unapapasa kama kipofu.

Siku hizo kazi ya mwenye ukumbi haikuwa kubonyeza deki tu. Watu walitaka kuelezwa. Filamu inasema lugha yake, wewe unakaa pembeni na maiki unaisema kwa Kiswahili. Kiingereza changu mimi ni cha kuulizia bei, lakini nani alikihitaji? Naangalia sura, naangalia mikono, natunga. Watu walikuwa wanawaacha watafsiri waliosoma, wanakuja kwangu.

Basi dereva mmoja wa lori akaniletea katoni ya kanda kutoka bandarini. Ulikuwa mfululizo wa televisheni wa nchi za mbali, na haukuwa hata wa Kiingereza. Ilikuwa lugha ngumu, kama ya mtu anayekohoa. Niliweka kanda ya kwanza peke yangu nikakaa kimya mpaka ikaisha, na mimi si mtu wa kukaa kimya.

Nikueleze vipi? Ni jiji ambalo jua halitoki. Mvua inanyesha kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kuna majumba marefu yenye taa za waridi na kijani, na chini yake watu wanauza supu vibandani kama hapa kwetu. Kuna wenye mikono ya chuma. Kuna wanaochomeka waya kisogoni kama unavyochomeka pasi. Halafu kuna kampuni kubwa, jumba lake kama kichuguu. Mtu akifa, wanatoa akili yake wanaitia kwenye kisanduku cha kioo, wanakipanga rafuni pamoja na vingine. Aliye hai akiwa na swali anaenda kusimama mbele ya kisanduku, anauliza, na marehemu anamjibu. Msichana mmoja mwenye jicho moja la chuma anatafuta kisanduku cha mama yake. Nilimpa jina Wakesho. Kampuni nikaiita Esteti, kama mashamba makubwa ya mkonge, maana kila mtu Voi anajua esteti ni nini.

Niamini, hakuna filamu ya ngumi iliyowahi kuwashika watu namna ile. Vijana walibishana mpaka nje. Mmoja akasema, "Huyo dem ni moto, lakini hiyo waya kwa kichwa? Ikishikwa na stima ya Voi, huyo ni nyama choma." Athumani, ambaye huuza kahawa mlangoni pangu na hakosi onyesho, yeye aliangalia jambo lingine. "Bwana we, lile jicho la chuma halitoi chozi," aliniambia. "Analia kwa lile moja tu. Waliomtengeneza hawakukumbuka huzuni."

Lakini aliyenishangaza ni Mzee Righa, mtu wa milimani, mstaafu wa reli. Wote tunashangaa vile visanduku, yeye anakunywa kahawa yake.

"Hawa wamechelewa," akasema. "Kwetu mzee akishazikwa, nyama ikaisha, kichwa chake kilikuwa kinafukuliwa, kinapelekwa pangoni, kinapangwa na wenzake. Mvua ikikataa, au ugonjwa ukiingia, watu wanaenda kuwauliza. Wengi ni wanaume, lakini mama mkubwa mwenye heshima naye aliwekwa. Hivyo visanduku ni vile vile. Tofauti ni stima."

"Na walikuwa wanajibu, mzee?"

"Kwa anayeuliza vizuri."

"Basi kaishtaki Esteti," Athumani akamwambia. "Wamekuibia pango."

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na sasa nikwambie kwa nini hiyo habari ya mapango ilikuwa yangu kuliko nilivyojua.

Mwaka ule nilikuwa nimenunua kipande cha shamba Chawia, huko huko milimani, kwa mtu aliyehamia Mboghoni kulima ndizi. Shamba lenyewe halina kitu, ni mwamba mmoja mkubwa umekaa kama tembo aliyelala. Mwenyewe alikuwa ameokoka, hakutaka mazungumzo marefu, aliniambia tu chukua. Wengine waliona mwamba, mimi niliona lojing'i, nyumba ya kulala wageni, ya mawe na ya ghorofa, ya kwanza yangu. Nilishatafuta vijana wa kuupasua. Wanajaza magogo na matairi mabovu chini ya mwamba, wanawasha, jiwe likishapata moto linalegea, ndipo nyundo zinaingia. Kazi ilikuwa ianze Jumatatu. Pale ukumbini sikumwambia mtu. Mwenye akili hatangazi jambo kabla halijasimama.

Ndipo yule mama akaja.

Sikumwona akiingia. Nilikuwa nimekaa kando ya runinga na maiki, nimewaelekea watu, na kwenye mwanga wa ile mvua ya bandia nikamwona mwisho wa benchi la nyuma: mama mzee, amevaa koti kuukuu la mvua, la kiume, la kijivu. Koti la mvua, Voi, kwenye ukame ambao ng'ombe walikuwa wanalala chini hawaamki. Nikasema moyoni, wazee wana mambo yao.

Kwenye kanda, Wakesho alikuwa amekipata kisanduku. Esteti imetangaza kuwa rafu ile itaondolewa ijengwe mpya. Kisanduku kinawaka, sauti ya mama inatoka. Mimi nikanguruma kwenye maiki, "Mwanangu, nitoe hapa. Vunja hii Esteti yote, nimechoka." Watu wakapiga makofi.

Sauti ikatoka nyuma, ya taratibu. "Hapana, baba. Hakusema hivyo."

Vijana wakageuka. "Bosi, mwalimu amekuja," mmoja akasema. "Mpe maiki."

"Mama, unaijua hii lugha?" nikamuuliza.

"Lugha sijui. Najua anasema nini."

"Anasema nini?"

"Bado hajamaliza. Endelea tu."

Ukumbi ulivunjika kwa vicheko. Mimi nikaendelea, kwa sababu mimi si mtu wa kunyamazishwa kwenye nyumba yangu. Onyesho lilipoisha nikasimama mlangoni makusudi, nimwone vizuri akitoka. Mlango ni mmoja. Watu wakatoka wote. Yule mama hakutoka. Nikarudi ndani, nikapandisha gunia la dirisha, benchi ni tupu, na pale alipokuwa amekaa kuna maji. Nikayagusa. Yalikuwa baridi, na yalinuka jiwe, ule ubaridi wa jiwe lenye kuvu ambalo halijaona jua.

Wewe ungefanya nini? Mtu mwoga angefunga ukumbi. Mimi nilitaka kujua. Kesho yake nikamweka Athumani akae karibu na lile benchi. Sote hatukumwona akiingia. Taa ya runinga ilipobadilika alikuwa pale, na Athumani, mtu wa adabu, akamuuliza, "Shikamoo mama. Mbona umelowa?"

"Marahaba. Natoka juu. Huko ukungu hauishi."

Hilo lilikuwa jibu la kweli. Chawia ukungu unaweza kuchuruzika asubuhi nzima huku Voi tunakaangwa. Lakini mtu akishuka kutoka huko mpaka hapa, koti linakauka kabla hajafika hata nusu ya njia. Na jambo jingine alinionyesha Athumani kwa kidole chini ya kikombe: mama alikuwa amelowa upande mmoja tu. Bega la kushoto, shavu la kushoto, na jicho la kushoto linatiririka, la kulia kavu kabisa.

Siku hiyo kanda iliyofuata ile ya jana ilianzia pale pale mama wa kisandukuni anapozungumza, ila sasa anazungumza mpaka mwisho. Nilishika maiki nikafungua mdomo. Niamini, hakikutoka kitu. Mimi ninayeweza kutafsiri mbuzi. Yule mama ndiye aliyesema, kutoka benchi la nyuma, bila maiki, na ukumbi mzima ukasikia.

"Anasema: Usinitoe hapa, mwanangu, nimekaa na wenzangu. Nisaidie maji tu. Bomba la juu linavuja, linanidondokea jichoni, na siwezi kugeuza kichwa."

Wakesho kwenye runinga akainua uso kuangalia juu. Kulikuwa na bomba. Linavuja.

Mzee Righa akaweka kikombe chini. Na yule mama akaniangalia mimi, si runinga, akasema kama mtu anayeulizia bei ya mchele, "Unachoma lini ule mwamba, baba?"

Nikajibu kwa sababu niliulizwa. "Jumatatu."

"Kabla ya moto, ingia upande jua linakotua."

Picha ikabadilika, ukumbi ukawa giza kidogo, mwanga uliporudi pale alipokaa palikuwa na maji tu.

Nilimwambia Mzee Righa kila kitu kuhusu shamba. Alinisikiliza, akasema neno moja: "Twende." Jumatatu asubuhi tulikuta vijana wametutangulia, wameshapanga magogo na matairi upande wa magharibi, mahali mwamba umeinama ukafanya kama paa, maana hapo moto hauzimwi na upepo. Kiongozi wao alikuwa na kiberiti mkononi.

"Bosi, tuwashe?"

"Ngoja."

Nyuma ya magogo kulikuwa na vichaka. Righa akavitenga kwa fimbo. Ndani, kwenye ukingo wa jiwe, vilikuwa vimepangwa vichwa, vyote vinatazama nje, kama watu benchini wanaotazama onyesho. Sikuvihesabu. Niliangalia kimoja, cha mwisho kabisa. Juu yake kulikuwa na ufa, na kutoka kwenye ufa tone linajikusanya, linaning'inia, linaanguka. Lilikuwa linaingia kwenye tundu la jicho la kushoto. Upande wote huo ulikuwa wa kijani kwa kuvu. Upande wa kulia ulikuwa mweupe, mkavu.

Nikasikia yule kijana nyuma yangu akisema tena, "Bosi?"

"Toeni magogo."

"Mwamba mzuri namna hii?"

"Toeni magogo na matairi yote. Nitawalipa siku yenu."

Nilitaka kukisogeza kile kichwa. Ingekuwa upana wa kiganja tu. Righa akanishika mkono. "Wewe si wa mlango huu, si wa ukoo wao. Hata mimi si wa mlango huu. Mgeni hashiki kichwa cha watu."

"Sasa nimwache anadondokewa?"

Akanitazama akacheka kidogo. "Wewe si ndiye unayejisifu Voi nzima kwa mifereji? Kichwa hukigusi. Maji nani amekukataza?"

Basi nilishuka, nikarudi na kipande cha bati na mkasi. Nilipiga magoti kwenye lile pango nikakunja mfereji mdogo kuliko wote niliowahi kuukunja, nikaukaza chini ya ufa kwa vipande vya jiwe na saruji, nikaupeleka pembeni mpaka nje. Tone likaanguka kwenye bati, likatembea, likaenda zake. Nimefanya nyumba za wakubwa, lakini hiyo ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote, na hakuna anayeiona.

Alikuja mara moja tena. Koti kavu, uso mkavu, macho yote mawili yananiangalia. Nilitafsiri kanda ya mwisho kwa uongo wangu wa kawaida, Wakesho nikamwoza kwa dereva wa treni, na yule mama hakunisahihisha. Alicheka pamoja na wengine. Onyesho lilipoisha nikaenda kupapasa benchi lake. Vumbi.

Unasema nilitunga? Baadaye alipita hapa padri mmoja, mzaliwa wa nchi yenye lugha ile. Nilimwekea kanda pale kisanduku kinapozungumza, bila kumwambia lolote, nikamwomba anieleze. Akaeleza: asitolewe kwa wenzake, asaidiwe maji tu, bomba linadondokea jichoni. Akaniuliza kwa nini nimekaa chini. Nikamwambia nimechoka kusimama.

Lojing'i niliijenga, kwa mawe ya kununua, na inasimama. Mwamba bado umelala Chawia. Ukumbi nilishaufunga, runinga ziliingia majumbani. Ila jambo moja limebaki. Siku moja moja, hapa Voi, hakuna wingu, jicho langu la kushoto linaanza kutiririka. La kulia kavu. Hospitali ya macho waliangalia na mashine zao wakasema jicho ni zima. Mimi najua dawa. Napanda Chawia, na kila mara nakuta majani yameziba ule mfereji. Nikiyatoa, kabla sijafika barabarani jicho limekauka.

Kwa hiyo wewe unayenunua mwamba, ingia kwanza upande jua linakotua kabla hujashika kiberiti. Na ukiwa na maiki mkononi, na mtu wa benchi la nyuma akikwambia hakusema hivyo, nyamaza umsikilize, hata kama nyumba ni yako. Mimi nina watoto wawili, wote wamesoma kuliko mimi, wananicheka. Mkubwa nimeshamfundisha kukunja bati, ingawa hajui kwa nini.

Huku nikikusimulia haya nimejifuta shavu mara kadhaa. La kushoto. Kesho asubuhi nampeleka huyo mkubwa juu, akaone mfereji utakaokuwa wake.