Kilo Nilizofundisha Zifichwe

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kiwanja cha ndege cha Kamembe, shefu, yaani mkuu wa kituo, alinipandisha kwenye mizani kabla hata ya kunisalimu. "Kilo themanini na mbili!" akatangaza, watu wote wakasikia. Nilikasirika. Kwetu, familia za Waislamu wa Kamembe, mtu mzima hatangaziwi uzito kama gunia la maharage.

"Papa Zuberi," akaniambia, "ndege yetu iko kadogo. Kila muntu anapimwa na mufuko wake."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya kupokea abiria katika kampuni ile ndogo, ambayo sasa haipo. Kila uzito tuliuandika kwenye karatasi ya shehena, ambayo rubani huitumia kuamua nani akae mbele, nani nyuma, na mafuta yawe kiasi gani.

Baada ya miaka nikapewa kufundisha wapya. Walikuwa mchanganyiko: vijana wa Nkungu waliotoka shambani, Wakristo waliokulia Kongo wakarudi, na watoto wa mafundi wa mtaani kwetu. Makao makuu walituletea kitabu cha Kifaransa kilichosema umtazame abiria machoni na umwite kwa jina. Nilicheka sana. Nikawafundisha adabu ya hapa: mama mtu mzima humwiti jina, humkodolei macho, wala humsumbui au kumtangazia kilo zake mbele za watu. Nilijiona bingwa.

Esperansi, binti aliyekulia Bukavu, alinisikiliza kuliko wote. Alikuwa amebakiza wiki moja ya majaribio, na kwao ndiye peke yake aliyekuwa na kazi.

Asubuhi moja abiria walikuwa wameshakaa ndani ya ndege, rubani akashuka na karatasi mkononi. Maman wa kiti cha nyuma ameandikwa kilo sitini, akasema, lakini yeye kwa macho yake anaona si kweli. Wote wakateremshwa, wakapimwa upya. Yule maman, mfanyabiashara wa vitenge aliyevuka mpaka wa Rusizi II kutoka Kongo alfajiri ile, alikuwa na kilo mia moja na nne. Wenzake watatu nao walikuwa wamepunguziwa.

Shefu akamgeukia Esperansi. "Juu ya nini uliandika uongo?"

"Shefu, ni bamaman bakubwa. Niliona haya kubapandisha kwa balanse mbele ya batu. Nilikadiria, nikapunguza kidogo, kwa heshima."

"Vua jile, rudi kwenu."

Alianza kufungua kile kizibao cha kazi huku akilia. Niliogopa, sitaficha, kazi yangu nayo niliipenda. Lakini alikuwa amefuata maneno yangu.

"Shefu," nikasema, "mimi njo nilimufundisha hivyo. Kama ni kufukuza, anza na mimi."

Hakutufukuza. Alininyang'anya darasa, jambo lililoniuma miezi mingi, akatuamuru turekebishe wenyewe. Tuligeuza mizani ili namba zionwe na mfanyakazi tu, tukatundika pazia la kitenge. Esperansi akawa anamshika kila maman mkono, anampandisha, anaandika bila kutamka kitu. Hakuna aliyelalamika.

Nimestaafu, na juzi, uzeeni huku, nilipanda ndege kwa mara ya kwanza. Kwenye mizani nilimkuta Esperansi, sasa mkufunzi wa kampuni nyingine, wanafunzi wake wamemzunguka. Pazia lipo. Nikapanda, nikamnong'oneza, maana nimenenepa: "Binti yangu, nipunguzie kidogo."

Aliandika, akaifunika karatasi kwa kiganja.

"Hapana, Mzee," akasema polepole. "Minakuheshimu."