Jiko la Jumamosi

Tuulia Kemppainen alikuwa na kazi ambayo baba yake hakuielewa hata siku moja: kusoma mita za umeme za nyumba elfu mbili na kukisia nani yupo ndani na saa ngapi, ili kampuni ijue kesho itahitaji umeme kiasi gani. Kanuni aliyojivunia ni moja: jiko la sauna likiwaka, mtu yupo. Nani atapasha moto chumba cha mvuke kwenye nyumba tupu?

Baba yake, Mzee Urho, aliyefiwa na mkewe, aliishi peke yake Kuhmo, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka Oulu alikoishi Tuulia. Nyumba yake ilikuwa miongoni mwa hizo elfu mbili. Magoti yalipoanza kumsumbua, Tuulia alimfungia saa ya kuwasha jiko bila mkono wa mtu kila Jumamosi, saa kumi na moja jioni.

"Jumamosi hii unakuja?" mzee aliuliza kwenye simu.

"Kazi zimenibana, Baba. Lakini nakuona. Jiko likiwaka najua uko salama."

"Ala! Wewe unaniona, mbona mimi sikuoni?"

Wakacheka wote wawili. Baada ya simu hiyo hawakuongea tena.

Jumamosi mbili zikapita. Kila ilipofika saa kumi na moja umeme wa nyumba ile ulipanda, na Tuulia akaridhika, asipige simu. Msomi mzima! Saa aliifunga kwa mikono yake mwenyewe, akaisahau.

Jirani, Bi Hilppa, hakuwa na mita. Alikuwa na dirisha.

"Sauna imewaka mara mbili," alimwambia Tuulia kwenye simu, "na hakuna aliyetoka kukaa kibarazani kupoa. Urho alikuwa hakosi kutoka, hata theluji ikifika magotini. Nikaingia, mwanangu. Pole sana. Daktari anasema ni siku kumi na moja sasa."

Jumamosi ya mazishi, waombolezaji walipoondoka, Tuulia aliingia sauna peke yake. Taulo mbili zilikuwa zimekunjwa kwenye benchi, ile ya bluu ya Tuulia ya tangu utotoni ikiwa juu. Uchungu ulimshika, akalia mpaka sauti ikakauka.

Saa kumi na moja jiko likawaka lenyewe. Akangoja mawe yaliyo juu ya jiko yapate moto, akayamwagia maji, akakaa benchi la chini, la juu akamwachia baba yake. Halafu akajifunga taulo, akatoka kukaa kibarazani kwenye baridi, pale Bi Hilppa angeweza kumwona.