Ishirini na Tatu Waliojibu

Kalolaine alikuwa ameitazama hotuba ya Dakta Hallam mara sita, na mara zote sita alicheka mahali pale pale. Dakta, mtaalamu wa saikolojia kutoka ng'ambo, amesimama mbele ya ukumbi wa kanisa hapa Neiafu, mji wetu wa kisiwani, shada la maua shingoni, anawauliza watu swali. Watu wanamjibu, naye anajifanya hajajibiwa. Anauliza la pili, anajibiwa, anakuna kichwa. "Kimya," anasema. Kalolaine, ambaye siku ya hotuba alikuwa mji mkuu, Nuku'alofa, harusini, aliona mgeni huyu ana utani mkavu wa kuwafaa kabisa watu wa visiwa vyetu vya Vava'u. Akauandika utani huo kwenye kazi yake ya chuo, aya nzima.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo: chukua hotuba iliyorekodiwa, uichambue. Alikuwa anasomea nyumbani, chuo kiko Suva, nchi nyingine ng'ambo ya bahari, na somo hili alikwisha kulifeli mara moja. Kulifeli tena ni kufutwa chuoni. Shule ya msingi anayofundisha ilikuwa imemtengea chumba kidogo karibu na tangi la maji, awe anawasikiliza watoto wenye mizigo moyoni. Bila cheti, chumba kingerudi kuwa stoo ya mipira. Basi alikuwa na hofu, tusifichane.

Mara ya kwanza aliponzwa na adabu. Mgeni amepikiwa nguruwe, ameimbiwa, halafu wewe umkosoe? Alimsifu Dakta tangu salamu mpaka kwaheri. Mwalimu wake, Bi Sarojini, akamwandikia: "Umenisimulia hotuba. Mimi nataka kujua uliona nini."

Safari hii rasimu ilirudi na maneno machache tu, kando ya aya ya utani. "Unasema watu walijibu. Walijibu wapi? Mimi nasikia kimya. Dakta naye alisikia kimya, na hitimisho lake lote amelijenga juu yake."

Walijibu wapi? Walijibu pale pale walipokaa. Kalolaine akadhani mwalimu naye kaanza utani.

Alasiri hiyo ilikuwa zamu yake ya kuponda magome ya mti ya kutengenezea ngatu, kitambaa chetu cha sherehe, kwa Shangazi Tokilupe, dada mkubwa wa baba yake, ambaye neno lake katika ukoo halina rufaa. Wanawake wanne walikuwa tayari wamelikalia gogo, nyundo zinalia. Kalolaine akaiweka kompyuta juu ya debe la biskuti, akaitafuta ile sehemu. Dakta akauliza: "Je, mna mtu wa kumweleza mambo yenu mazito?" Kamera ikawageukia watu.

"Jamani, nawauliza," Kalolaine akasema. "Hawa wamejibu au hawajajibu? Wamejibu, sivyo?"

Hakuna aliyefungua kinywa wala kusimamisha nyundo. Wote wanne waliinua nyusi mara moja, upesi, wakaendelea kuponda.

Kalolaine akabaki kaduwaa. Miaka thelathini na minne anasema ndiyo kwa nyusi, na hajawahi kujiona akifanya hivyo. Bi Sarojini angekuwa kwenye simu wakati ule, angesikia nyundo tu.

"Vipi, umemwona mumeo humo na mwanamke mwingine?" akauliza Pisila, jirani ambaye mdomo wake haupumziki.

"Dakta hakuona. Alikuwa anangoja sauti. Amesema watu wa hapa hawana wa kumweleza shida zao, eti kwa sababu hawakujibu."

"Kwani alitaka tupande juu ya viti? Mtu kasoma mpaka udaktari, hajui kutazama uso."

Wakacheka mpaka nyundo zikapotezana. Shangazi hakucheka.

Jumamosi asubuhi Kalolaine alikaa kuhesabu, akiisimamisha picha kila hatua. Mara zile sita alikuwa amemtazama Dakta tu; watu wenyewe alikwisha kuwazoea. Swali la kwanza: nyuso arobaini na moja zilionekana, na nyusi za watu thelathini na wanane ziliinuka. Kisha likaja la pili. "Je, yupo aliyewahi kuwa na siku ambazo hakutamani kuamka?" Dakta akangoja, halafu akasema kwa huruma kwamba watu wa hapa huficha huzuni hata nafsini mwao. Kalolaine akahesabu ishirini na wawili waliosema ndiyo. Mwongoza kwaya. Askari. Pisila, na mdomo wake wote ule.

Wa ishirini na tatu alikuwa safu ya pili, nguo nyeusi, kiunoni kajifunga mkeka wa heshima kama desturi inavyotaka. Shangazi Tokilupe. Swali la kwanza nyusi zake hazikusogea hata kidogo. La pili aliziinua, akazishusha, akamkazia Dakta macho.

Kalolaine akaifunga kompyuta. Mtoto wa kaka hamhoji shangazi. Huitwa, hutumwa, huitikia. Angeweza kuandika ishirini na wawili, na Suva nzima isijue. Lakini aliulizwa ameona nini, na alikuwa ameona.

Akamkuta Shangazi anafunga lu, nyama ya kupikwa ndani ya majani ya magimbi, majani mapajani na kopo la nyama pembeni. Akaketi chini yake, miguu kaikunja.

"Shangazi, niwie radhi. Nimewahesabu waliojibu swali la pili la Dakta."

"Wangapi?"

"Ishirini na wawili. Na wewe. Jina sitaji. Lakini ukisema nisikuhesabu, sikuhesabu."

Shangazi akalikunja jani, akalifunga, akalipanga na wenzake.

"Kwa nini usinihesabu? Mwaka mzima baada ya kumzika mume wangu nilikuwa sitaki kuche. Ninyi mliniletea chakula, mliniletea mikeka, mkaniinamia. Hakuna aliyeniuliza. Akaja mgeni, akauliza, nikamjibu mbele ya kanisa zima. Halafu anasema nimenyamaza?" Akachukua jani jingine. "Nihesabu."

Kalolaine aliandika ishirini na tatu, kila mmoja na dakika na sekunde aliyojibu. Akaandika pia kwamba maswali ya Dakta yalikuwa mazuri, ambayo sisi wenyewe hatukuthubutu kuyauliza, na kosa lake ni kungoja jibu kwa masikio peke yake. Akaituma.

Baada ya wiki mbili majibu yakaja. Amefaulu. Chini Bi Sarojini alikuwa ameandika: "Nimeirudia hotuba. Sasa nawaona." Kalolaine alikwenda kwa Shangazi mbio, furaha imemjaa mpaka akasahau kuvaa mkeka wake wa kiunoni, akamsomea mlangoni.

Shangazi alimtazama kiuno, akaamua kumsamehe.

"Kwa hiyo kile chumba ni chako?"

"Ni changu, Shangazi. Kuanzia Jumatatu."

"Basi Jumatatu nitakuja," akasema Shangazi. "Asubuhi, kabla watoto hawajaingia. Nina mengi."