Bakuli la Seline

"Seline hatasimama kwa geti kama mtu wa kusoma mita ya maji," Jelagat alisema, na hiyo ilikuwa mara ya tatu tangu chai ya asubuhi. "Huyo mtu nimelala kwa kitanda chake. Sasa nimpokee na mti wa fagio?"

Mume wake, Kipkorir, alikuwa anavaa gambuti polepole, vile wanaume huvaa viatu wakitaka maneno yaishe yenyewe.

"Mama Jebet, sijasema asikuje. Nimesema asiingie. Mama yuko hapo ndani na kifua chake. Ukitaka matanga, sema tununue sukari mapema."

Jelagat akaanza kukusanya vikombe vya chai, na si wengi kijijini Yamumbi wamewahi kuona akiacha mabishano hivyo. Aliacha kwa sababu ilikuwa kweli. Ilikuwa Agosti ya mwaka wa korona. Kogo, mama mkwe wake, alikuwa na miaka themanini na nne, amekohoa tangu msimu wa kupanda, na redio kila alasiri ilikuwa inasoma hesabu ya wagonjwa kama matokeo ya mpira.

Lakini Seline hakuwa mgeni wa kuwekwa nje. Miaka ya tisini walipanga pamoja mjini nyuma ya soko, ploti ya mabati, chumba kwa chumba. Jelagat alikuwa anauza maziwa mlango kwa mlango, Seline Aluoch alishona sare za shule kwa veranda. Kati yao kulikuwa na ukuta wa mbao mwembamba hivi kwamba mmoja akipiga chafya, mwingine anaitikia. Jebet alipozaliwa, Kipkorir alikuwa safarini na lori la watu, hata habari hakuwa nayo. Seline alikuja akabeba mtoto, akabeba na blanketi. "Hamia kwangu," akasema, "kitanda changu hakina kunguni kama chako." Akalala chini kwa mkeka siku kumi na sita.

Kila asubuhi ya hizo siku uji ulikuja kwa bakuli moja la bati, jeupe, lenye ukingo wa buluu na ua jekundu chini. Jelagat alipopata nguvu akalirudisha na maziwa. Likarudi na omena, dagaa wa ziwa. Likaenda na maharagwe, likarudi na mandazi. Miaka sita, mpaka Jelagat akahamia Yamumbi na bakuli likabaki kwa Seline, halikuvuka mlango likiwa tupu. Hata Januari ile mbaya, karo imemaliza kila kitu, Seline alilirudisha na kitunguu kimoja. Kitunguu kilibingirika ndani yake kwa kelele mpaka wakacheka wakakaa chini. Jelagat akikumbuka kitunguu hicho hadi leo, lazima ashike kitu asianguke kwa kicheko.

Basi siku ya Seline ikafika. Kiti kiliwekwa kando ya stoo ya mahindi, na Kipkorir akapima umbali kutoka mlangoni kwa kamba ya ng'ombe, kamba ikabaki pale chini, kwa sababu mtu akiamua kukuaibisha hufanya kazi safi. Seline akaingia uani na barakoa ya kitenge aliyojishonea, bakuli lile liko mkononi, lina samaki, limefungwa kitambaa. Alinyoosha mkono wa salamu, akakumbuka, akauficha kwapani kama mtu ameshikwa na mali ya wizi.

"Mama Jebet, umenona."

"Ni sweta."

"Na mbona niko huku? Ni ng'ombe mnapima ama ni mimi?"

Kutoka dirishani Kogo akapaza sauti. "Seline, wananifungia kama kuku wa Krismasi. Shona barakoa ingine umfunge huyu kijana wangu mdomo."

Walicheka, wakaongea kwa kupiga kelele, na mazungumzo ya kelele hayana siri, kwa hivyo hakuna lililosemwa. Chai ililetwa kwa kikombe cha plastiki. Saa kumi Seline akainuka, kafyu isimpate njiani.

Jelagat akakimbia jikoni. Samaki akamwaga kwa sufuria, bakuli akaliosha na Jik ya kuua vijidudu, akarudia. Debe la unga wa wimbi lilikuwa hapo, hatua moja. Alishashika kifuniko. Hapo Kogo akakohoa, na Jelagat akawaza: chakula cha nyumba inayokohoa, nimpe mtu anayelea mjukuu? Akaachilia kifuniko. Akatoka na bakuli kavu, linanuka wodi.

Seline alichungulia ndani. Aliliweka juu ya kiti.

"Hili sibebi hivi. Likae hapa mpaka siku litakuwa na kitu."

Akaenda zake. Na Kogo mwenyewe hakuwa na korona. Ulikuwa moshi wa kuni. Kipkorir alipotoboa tundu jikoni, kikohozi kikaisha kwa wiki mbili. Ukitaka kujua mtu hujiona mpumbavu namna gani, muulize Jelagat kuhusu hilo tundu.

Bakuli likapanda juu ya kabati likakaa huko. Simu zilipigwa, lakini zilikuwa simu za mvua: imenyesha kwenu, huku bado. Kogo akazeeka mpaka akamaliza, akazikwa vizuri. Kisha mwaka jana Jebet akatoka mjini na habari kwamba Seline ameuza cherehani, anarudi kwao Bondo moja kwa moja.

Jelagat hakumaliza kusikia. "Kuja Jumamosi," alimwambia Seline kwa simu. "Usikuje na chochote."

Jumamosi hiyo Kipkorir mwenyewe alisimama mlangoni, akamshika Seline mkono kwa mikono miwili, wala hakuuachia upesi. Seline akawekwa kwa kiti cha Kogo, karibu na moto. Wakanywa chai kwa vikombe vya kabati, na sasa sauti zilikuwa za chini, zile za ukuta wa mbao. Wakati wa kuondoka Jelagat akashusha bakuli, akachota wimbi mpaka ua jekundu likapotea.

Seline akatazama. "Ongeza."

"Limejaa."

"Limekaa miaka. Ongeza."

Jelagat akaongeza mpaka unga ukasimama kilima. Kisha akatoa kitunguu kimoja mfukoni mwa aproni, akakipandisha juu. Seline akakibonyeza kisianguke, akafunga kitambaa mafundo mawili.

"Hiyo imelipa deni la bakuli," akasema. "Ya kupimwa na kamba, nimemsamehe baba Jebet. Lakini kamba nataka niione."

Kipkorir akaenda kuitafuta.