Masaa ya Kutoka Maskati

Usinicheke kabla sijamaliza. Haya yamenitokea mie mwenyewe, hapa Yombo, jua likiwaka, na siku hiyo wala sikuwa na homa.

Nyumba yangu iko chini ya njia ya ndege. Zikishuka, bati linatetemeka, kuku wanakimbia, mmoja alishaachaga kutaga kabisa. Basi nilikuwaga naonesha kidole: ile ya Mwanza, ile ya Dubai, ile ya Maskati. Vijana wakaniita Rubani. Shule niliishia darasa la pili, na la pili lenyewe nilikuwa mtoro, kwa hiyo jina hilo lilinikaa vizuri, nisikufiche.

Rafiki yangu Sefu, niliyekuwa nakaa naye kwenye benchi langu kila alasiri, alifariki alfajiri moja. Mwanawe ni mmoja tu, Tatu, anafanya kazi za ndani huko Maskati. Asubuhi akapiga: yuko uwanja wa ndege, anapanda sasa hivi, angojwe amwone baba yake uso. Simu ikazima.

Sie Waislamu maiti hatumcheleweshi bila sababu. Shehe akauliza, huyo binti atafika lini, tuzike baada ya adhuhuri au tusubiri alasiri? Watu wote wakanigeukia. Si Rubani yupo?

Sasa mie nilijua nini? Ndege nazijua matumbo tu. Nikapiga hesabu yangu: basi la Bukoba linakwenda mchana na usiku, na Bukoba ni humu humu nchini. Maskati, ng'ambo ya bahari, je? Jirani yetu mwalimu akatoa simu atazame. Nikamwambia, "Weka simu yako, mwalimu. Mie naishi chini ya ndege. Huyo ni mpaka kesho jioni."

Tukazika baada ya adhuhuri.

Niliporudi nikakaa kwenye benchi, nakwangua udongo wa kaburini miguuni. Ndege ikapita, tumbo jeupe, chini kabisa. Pembeni yangu mtu akauliza, taratibu, "Rubani, hiyo inatoka wapi?"

Nikajibu bila kugeuka, mazoea hayo. "Maskati."

"Imetumia masaa mangapi?"

Hapo ndipo harufu ya karafuu maiti iliponipiga. Nikageuka. Wallahi ni Sefu, na pamba zake puani, amekaa pale pale pake, anatazama juu. Nilipopepesa macho hayupo, umebaki udongo mbichi alipokaa.

Alasiri haijaadhiniwa, bajaji ikasimama kwa Sefu, nyumba ya pili. Tatu akashuka na begi, akaniona mie kwanza.

"Shikamoo baba mkubwa. Nimewahi?"

Masaa matano na kidogo, ndugu yangu. Kilomita kama elfu nne, mwalimu aliniambia baadaye. Angengojwa mpaka alasiri tu, angemwona.

Tatu anaamini ni mipango ya Mungu. Akija likizo ananiletea halua, naipokea. Na kila ndege ya Maskati ikishuka, harufu ile inakuja na swali lile lile. Namjibu kwa sauti, masaa matano na kidogo, Sefu. Haondoki. Najua kwa nini: jibu si lake, ni la Tatu, na Tatu sijamwambia.

Basi wewe unayesoma, ukiulizwa usilolijua mbele ya jeneza, sema sijui. Utachekwa siku moja, yaishe. Mie hakuna anayenicheka, ila upande ule wa benchi langu simkaribishi mtu.