Muulize Mlinzi

Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu ameuza vifaa vya ujenzi katika duka lile lile, nyuma ya kaunta ile ile iliyobanduka rangi, na kwa wanaume wanaokuja kununua bunduki ya misumari na kompresa yake ya kuisukumia upepo ana swali moja tu: "Unataka kupigilia nini?" Ungedhani amewauliza siri za ndoa zao. Mmoja hukunja uso. Mwingine hucheka na kuchungulia nyuma ya kaunta, akitafuta mtu mwenye akili. Wengi husema, "Dada, wewe nionyeshe tu ile kubwa."

Ile kubwa! Mtu ana rafu moja ya vyombo na fremu ya picha ya harusi iliyolegea, naye anataka kompresa inayobebwa na watu wawili. Mafundi walimbandika mwanamke huyu jina la Fundi Mdomo, eti mashine zote anazijua kwa mdomo na hajawahi kupigilia hata kigingi. Alilipokea jina hilo na kuwarudishia dharau yao pamoja na nyongeza, maana alikwishawajua. Kompresa huichagua kwa kuinyanyua. Wakiona ni nyepesi huitua chini na kuionea huruma. Kisha huomba iwashwe, wasikilize. Ikinguruma mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka, huitikia kwa kichwa kama waliosikia hoja nzito. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini umwambie nani? Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza bunduki anayoitaka inakula upepo kiasi gani, na hilo ndilo jambo la kwanza la kuuliza. Jirani yake mmoja, mwalimu wa hesabu, aliichukua ile kubwa ili atengeneze banda la kuku. Leo imo barazani kwake, imewekewa mto, na mkewe huikalia akichambua mboga.

Kilichomuudhi zaidi ni hiki: wateja wakishausikiliza ushauri wake na kuupuuza, walikwenda mlangoni kumuuliza mlinzi. Mlinzi! Mtu mpole mwenye kofia na rungu, ambaye kabla ya hapo alikuwa akipiga deki hospitalini. Walimwamini kwa sababu ana ndevu. Mwanzoni Fundi Mdomo alikasirika mpaka chakula kikawa hakishuki. Baadaye akaona hasira haimsaidii mtu, akaamua kumfundisha mlinzi mwenyewe.

Alimfundisha saa za chai. Kwa mbao za dari na rafu za nyumbani, misumari myembamba inatosha, na tangi la lita ishirini na nne linatosha. Kila ukimaliza kazi, fungua koki iliyo chini ya tangi utoe maji, maana upepo ukibanwa huacha maji, na maji hula chuma. Wakawekeana na ishara. Fundi Mdomo akishika sikio, mlinzi aseme ndiyo. Akikwaruza kaunta kwa ukucha, aseme hapana. Mashine zilizokuwa zikirudishwa dukani zikapungua. Mwenye duka alifurahi mno, akamzawadia mlinzi kofia mpya.

Asubuhi moja aliingia baba yake Fundi Mdomo.

Mzee alikuwa seremala. Miaka arobaini alitengeneza milango, na kazi hiyo alimfundisha mwanawe wa kiume, ambaye siku hizi anauza simu. Binti aliposhika randa aliambiwa aiweke chini, akamsaidie mama yake jikoni. Sasa dari ya chumba cha mzee ilikuwa imeoza kwa mvua, na hakutaka fundi yeyote aingie kuirekebisha, kwani mafundi wa siku hizi kwake ni wahuni watupu. Nyundo haiwezi tena. Mkono wake wa kulia unatetemeka, na mwaka jana patasi ilimponyoka ikamwingia pajani. Binti yake ndiye aliyekibana kile kidonda kwa kanga mpaka wakafika hospitali.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nimekuja kununua, sikuja kupiga soga."

"Unataka kupigilia nini?" aliuliza, ingawa alijua.

"Misumari."

Mzee akaenda moja kwa moja kwenye bunduki ya kufululiza, ile ambayo ukiwa umeibana kwa kidole, kila mdomo wake unapogusa kitu inapiga.

"Hiyo hapana, Baba. Ikigusa ubao, inapiga ubao. Ikigusa paja, inapiga paja. Chukua hii ya moja moja. Hii mpaka uigandamize kwanza, ndiyo ubane, na ukitaka msumari mwingine unaanza upya."

"Hiyo ya moja moja ni ya wanaojifunza."

"Ni ya wanaotaka kubaki na miguu miwili."

"Kwani wewe umepigilia misumari mingapi tangu uzaliwe?"

Swali hilo lilimchoma. Jibu alikuwa nalo, na lilikuwa na randa ndani yake na jiko la mama yake, lakini aliisogeza tu ile ya moja moja karibu na mzee. Mzee akasonya, akaibeba ile ya kufululiza mpaka mlangoni.

"Kijana," alimwambia mlinzi, "wewe unaonekana mtu wa maana. Hii itanifaa?"

Alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Karatasi ya bei iliyoning'inia kwenye mpini ilikuwa ikipepea, na dukani hapakuwa na upepo. Mlinzi aliitazama karatasi ile, kisha akatazama kaunta. Fundi Mdomo alikwaruza mara mbili, kwa nguvu, mpaka ukucha ukavunjika.

"Hapana, Mzee," mlinzi akasema. "Chukua ya moja moja."

Mzee aligeuka polepole akamtazama binti yake, akakitazama na kidole chake kilichokuwa bado juu ya kaunta.

"Huyu tangu ana miaka sita nikimkaripia anakwaruza meza hivyo hivyo," alisema. "Na wewe, mbona unamtazama yeye kabla ya kunijibu mimi?"

Mlinzi akavua kofia yake mpya.

"Mzee, mimi nalinda mlango. Nilikuwa napiga deki. Ninachojua kuhusu hizi mashine, chote kanifundisha yeye. Watu hawataki kukisikia kwake, basi nawapa mimi."

Fundi Mdomo aliogopa. Matusi ya baba yake alikwishayazoea. Alichokiogopa ni kwamba mzee angeiweka bunduki chini, atoke, avuke barabara mpaka duka la pili, ambako wangemuuzia ile ile ya kufululiza huku wakimchekea na kumwita bosi. Safari hii kanga isingetosha.

Mzee alirudi, akailaza bunduki juu ya kaunta. Binti yake alikuwa mbele yake, hatua moja tu, lakini yeye alimpazia sauti mlinzi kule mlangoni.

"Muulize, hiyo ya moja moja inataka kompresa ya lita ngapi."

"Anauliza lita ngapi," mlinzi akasema.

"Mwambie ishirini na nne. Na asiinyanyue peke yake."

"Lita ishirini na nne, Mzee, na usii..."

"Nimesikia! Mimi si kiziwi."

"Mwambie na kila akimaliza kazi amwage maji ya kwenye tangi."

Hapo mzee alisahau kununa. "Upepo una maji?" aliuliza, na safari hii alimuuliza yeye.

"Unayo, Baba. Ukibanwa."

Mzee alihesabu pesa akalipa. Hakumshukuru mtu. Mlinzi akabeba kompresa, mzee akabeba bunduki ya moja moja kwa mkono wa kushoto, wakatoka. Mlangoni wakakutana na mwanamume mnene akizungusha funguo za gari kidoleni.

"Kaka," alimwambia mlinzi, "kompresa gani nzuri humu? Mimi nataka ile kubwa."

"Huyo ni mlinzi," mzee alimkatiza, akimtazama mtu yule juu mpaka chini. "Anajua nini huyo? Nenda kaunta, muulize binti yangu. Na akikuuliza unapigilia nini, usimjibu upumbavu."

Yule mtu alifika kaunta akinung'unika, akasimama akisubiri. Fundi Mdomo alifungua kinywa kuuliza swali lake la miaka kumi na tisa, akajikuta ameshika sikio kwa mazoea, akaliachia na kuanza upya.